Mashine Yangu ya Kupachika Si Injini, Ni Mgeni

Krabbesund, 17 Juni

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mashua cha Krabbesund

Ndugu Mwenyekiti Oddvar,

Nakuandikia nikiwa hatua arobaini kutoka jikoni kwako. Ningeweza kubisha hodi, lakini wewe uliniletea barua yenye muhuri, nami sipendi kushindwa kwa adabu.

Barua yako inasema kwamba kwa kupachika mashine ya petroli nyuma ya mashua yangu, Gudrun, nimevunja kifungu cha nne, ambacho kinataka mashua za Gati Kuukuu ziwe za mbao na "zisukumwe na injini iliyomo tumboni". Kwa hiyo kabla ya mioto ya mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, Jumanne ijayo, nihamie gati jipya, nikafungwe katikati ya maboti ya plastiki.

Oddvar, nafasi ile ilikuwa ya baba mkwe wangu. Alinikabidhi mwenyewe, akiwa ameketi ndani ya Gudrun na kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia, "Torgrim, mashua ukiiharibu nitakusamehe. Gati usiliachie." Mashua nimeshaiharibu. Nimebaki na gati tu. Basi naomba unisikilize.

1. Kile kimashine si injini, ni tahadhari. Injini halisi ya Gudrun ina silinda moja na umri wa miaka hamsini na minane. Siku ya Pasaka iliwaka, ikadunda dakika mbili kwa heshima zote, ikazima, na tangu hapo haijaamka. Nimeisafisha, nimeibembeleza, nimeitukana kwa lahaja mbili. Ningefanya nini zaidi? Wewe huvaa jaketi la kuokolea hata ukienda kumwagia maua maji, na hakuna kamati iliyowahi kukuandikia kwamba hujui kuogelea.

2. Nasikia nilikitia chama aibu Jumapili. Ukweli ni huu. Gudrun ina usukani wake, na mashine ina mpini wake. Mimi nilishika usukani, mke wangu Ragnhild akashika mpini. Nikamwambia, "Kulia!" Naye akasukuma mpini kulia, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, na mashua ikaenda kushoto. Nikarekebisha. Naye akarekebisha marekebisho yangu. Tulizunguka mara nne mbele ya kibanda cha wafeli, vile vikate vitamu vya moto, mpaka Bergljot akatoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Torgrim, ukimaliza kukoroga niambie, nilete sukari!" Ragnhild akamjibu, "Lete na mume mwingine, shoga!" Watalii walipiga makofi, wakaagiza wafeli za pili na jibini ya kahawia juu. Bergljot alipata wateja, mimi nikapata barua.

3. Kelele. Hapa nakubali. Nikienda mbele kutupa nanga, nyuma kunainuka, propela inatoka majini na mashine inapiga yowe. Lakini hilo ni suala la uzito wangu, na kifungu cha nne hakisemi lolote kuhusu tumbo la nahodha.

4. Kabla ya mashine hii, Gudrun haikusukumwa na kitu chochote kwa majuma sita, na hakuna aliyelalamika. Kumbe chama hakina ugomvi na mashua isiyokwenda. Ugomvi huanza pale inapokwenda! Sitaki kutaja mashua ya mtu, ila yako, Oddvar, ina ndege aliyetaga karibu na usukani mwaka wa pili sasa.

5. Isitoshe, mashine haimo ndani ya mashua. Inaning'inia nje, kwenye kishikio nilichokichonga mwenyewe, ndiyo maana imeinama kidogo. Kitu kilichokuja kutoka nje, kikabaki nje, ni mgeni. Kwa kanuni zetu, mgeni hupewa ufunguo wa bafu, na wafeli moja Jumamosi. Mashine yangu haijapewa hata kimoja.

6. Mgeni huyo alikuja hata kwenye siku yetu ya kazi ya pamoja mwezi Mei, akaburuta lile gati la kuelea kutoka ng'ambo mpaka hapa. Wajumbe watatu wa kamati walikuwa wamesimama wakishikilia chupa ya kahawa isianguke.

Kwa hayo yote naomba, kwanza, Gudrun ibaki Gati Kuukuu. Pili, mashine iandikishwe kuwa mwanachama kamili mwenye kura. Tatu, iruhusiwe kugombea nafasi ya katibu, iliyo wazi tangu Leidulf ahamie milimani. Haisemi mpaka ivutwe kamba, sifa ambayo wajumbe wa sasa hawanayo.

Nisalimie mkeo Åshild, mwambie jamu yake ya rubabu imekwisha na nyumba ina huzuni. Wasalimie wajumbe wote, hata yule aliyepiga picha tukizunguka.

Jirani yako bado, na kwa barua hii mpinzani wako,

Torgrim Kvaase

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nilitaka kuonyesha nia njema. Nikaifungua mashine, nikaibeba mpaka juu ya gati. Ragnhild akashuka ndani ya Gudrun, akainama, akauliza, "Hiki kibomba chekundu cha dizeli mbona kimefungwa?" Nilikifunga mwenyewe Oktoba, kwa ajili ya baridi. Akasema, "Baba alikuwa anaanza na hiki, mume wangu. Kila mwaka." Akakifungua, akalegeza skrubu hewa itoke, akazungusha hendeli mara moja. Injini ikawaka. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeiacha kwenye gia, na fundo la kamba lilikuwa langu, likafunguka papo hapo.

Hivi sasa Gudrun, ikisukumwa na injini iliyomo tumboni kama kifungu kinavyotaka, imefika gati jipya na kujipenyeza katikati ya maboti mawili ya plastiki. Ragnhild anapunga mkono. Anapaza sauti kwamba kuna jua la jioni, majirani wamemmiminia kahawa, na harudi. Mimi nimesimama Gati Kuukuu nikiwa nimekumbatia mashine ya petroli. Naomba kamati iamue haraka ni nani kati yetu anayepaswa kuhama, kwa maana mashine ina kilo ishirini na saba.