Mkaa wa Vibuyu vya Chepngeno

Jumatatu, 4 Machi 1957
Baridi! Tumechuma chai mpaka vidole vikafa ganzi. Jioni Mama Chepngeno, jirani yetu Mkipsigis, akanipa kikombe cha mursik. Maziwa yaliyolala kibuyuni, yenye harufu ya moshi. Nilifumba macho nikamwona marehemu nyanya kule Kisii, akisugua kibuyu chake kwa kijiti cha moto. Enzi hizo msitu ulikuwa ghala letu. Kuni, asali, uyoga, dawa, na hakuna aliyekuuliza unaenda wapi. Siku hizi serikali imeweka mipaka na kuuza magogo. Akina mama wanaingia kwa kibali.

Chepngeno analalamika amekosa senetwet, mti wa kuchomea mkaa wa kusugulia vibuyu. Bila huo hakuna mursik. Gekara wa kambini kwetu amejitolea kwenda kumletea. Gekara! Anakitamani kikombe changu, namjua.

Jumatano, 6 Machi
Akili ni mali. Msitu uko mbali, foleni ya kibali ni ndefu, askari ni mkali. Lakini nyuma ya kiwanda cha chai kuna vipande vya mkaratusi, bure kwa wafanyakazi. Mkaa ni mkaa! Ukishakuwa mweusi, nani atauuliza kabila lake? Nikachoma gunia zima, nikamwambia Chepngeno nimetoka msituni alfajiri. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Haya ikapita. Jumapili anatarajia wageni kutoka Ndanai, wanakuja kumposa binti yake.

Gekara bado yuko kwenye foleni. Pole yake.

Jumapili, 10 Machi
Balaa. Mzee wa wageni alipiga funda moja, akauliza kwa adabu kama nyumbani kuna mgonjwa. Chepngeno akaonja. Akanigeukia mbele ya wote.

"Ombati! Hii maziwa inanuka dawa ya kifua! Hii si mti ya msitu. Mama yangu alilelewa na ule msitu, na mimi pia. Wewe unaniletea moshi ya kiwanda?"

Posa ingevunjika. Bahati kulikuwa na kibuyu kimoja alichokisafisha kwa senetwet ya Gekara, iliyofika Alhamisi. Wageni wakanywa, wakacheka, wakakubaliana. Kikombe changu kapewa Gekara. Nimelia, sifichi. Mahali pengine pa kunusa nyumba ya nyanya sina.

Jumatatu, 11 Machi
Chepngeno ameniletea maziwa yote yaliyoharibika, akasema niyamalize mwenyewe. Nikanywa kwa huzuni. Lo! Pua zikazibuka! Na kambi nzima inakohoa! Nimeshawaambia ni dawa ya nyanya yangu, ya mti adimu wa msitu wa Kisii. Wakipona, Chepngeno mwenyewe atanirudishia kikombe na kuniomba radhi.

Gunia la pili liko motoni.