Antipasi Mbele ya Tonge la Tisa

Zimeni redio, enyi watu wa Mkiwa, nanyi madereva mnaochimba dawa kando ya barabara, fungeni zipu mje mkae. Kwa maana nataka kusimulia vita alivyopigana Antipasi mwana wa Emilian, fundi baiskeli, mshinda-pancha, simba wa tairi za nyuma, siku alipokwenda ukweni Sepuka, akala ugali, kisha akaacha. Mnacheka? Chekeni sasa, kule mbele hakuna nafasi.

Kisukari kilikuwa kimemvamia shujaa huyu na kuweka kambi kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Miezi miwili kidonda hakifungi. Ndipo Nesi Magreth, mwenye mizani na ulimi mkali, akamfinyangisha ugali mbele yake, akapima tonge moja moja, akahukumu: "Baba, wanga wako wa mlo mmoja ni matonge manane ya mkono wako. Ukinywa togwa, punguza. Ukigusa kiazi, punguza. Sukari isiposhuka, hicho kidole tutakizika kabla yako."

Antipasi akaapa. Lakini ukweni huliwa sinia moja, na kuhesabu matonge ukweni ni tusi kubwa, maana anayehesabu anamwambia mwenyeji kuwa ni mchoyo. Basi shujaa akajihami kwa siri: akatia punje nane za alizeti katika mfuko wa shati, ili kila tonge likishuka tumboni, mkono wa kushoto uhamishe punje moja kwenda mfuko wa suruali. Alijiona ana akili kuliko wizara nzima.

"Shikamoo, baba," akanena alipofika Sepuka, akiinama.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo utakula mpaka mkanda ulalamike," akajibu Mzee Chediel, baba mkwe, mwenye ng'ombe arobaini na sauti ya ng'ombe wa arobaini na moja.

Likaja sinia. Mlima wa ugali wa mtama ukifuka moshi. Mlenda ukimeta ubavuni. Na jogoo mzima, aliyekuwa mbabe wa mtaa hadi asubuhi ile. Togwa ikaletwa, Antipasi akaipisha, akaomba maji. Tonge la kwanza, punje. La pili, punje. La tatu, la nne, la tano. Mkono wa kuume ukipigana, mkono wa kushoto ukiandika historia.

Ndipo Enock, shemeji mtu, mwenye jicho la kunguru, akapaza sauti: "Baba! Shemeji anaficha nyama mfukoni!"

Antipasi akaamriwa kutoa vilivyomo. Zikatoka punje tano suruali, punje tatu shati. Enock akaruka kutoka kwenye kigoda. "Hii ni dawa! Ametuletea uchawi!"

Shujaa akasimama, akahutubu: "Ee baba uliyenipa Winfrida! Sijaiba paja, wala sikuja kuroga. Nina sukari. Nimeruhusiwa matonge manane, nami nimekula matano. Naogopa, baba. Kidole hiki nakipenda."

"Unahesabu matonge nyumbani kwangu?" akanguruma Mzee Chediel.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango wa jiko, ya Mama Severina, mama mkwe, ambaye kwa mila haketi na mkwewe sinia moja: "Hesabu kwa sauti, mwanangu, na mimi nisikie."

Akahesabu. La sita, Enock akainamisha uso. La saba. La nane, akalitafuna taratibu kama mtu anayeaga kituoni.

Hapo Mzee Chediel akafinyanga tonge kwa mkono wake mwenyewe, tonge la heshima, kubwa kama ngumi ya mtoto, akalichovya kwenye mchuzi na kumnyooshea. Hakuna mkwe Sepuka aliyewahi kulikataa tonge la namna hiyo. Jasho likamtoka Antipasi. Akautazama mchuzi ukidondoka, naye aliutaka, Mungu wangu, jinsi alivyoutaka!

"Hapana, baba," akasema. "Naomba maji ninawe."

Alinawa kabla ya baba mkwe! Tonge likabaki hewani. Mama Severina akaita tena kutoka jikoni, safari hii polepole: "Baba Winfrida, mwambie na wewe unaamka mara ngapi kukojoa. Mwambie na miguu inavyokuwaka moto."

Mzee akalitazama tonge muda mrefu. Akalirudisha kwenye sinia, kwa upole, kama anayelaza kifaranga.

"Huyo nesi wako," akauliza, na sauti ile ya ng'ombe ilikuwa imekwisha, "wazee anawapokea siku gani?"

"Jumanne, baba. Tutakwenda wote."

Basi na ijulikane kuanzia Mkiwa mpaka Mgori: wapo waliotwaa miji, lakini Antipasi alitwaa kopo la maji akanawa mikono, na baba mkwe wake akanyoosha yake chini ya maji yale yale.