Hip-hop Yangu na Kibuyu cha Mzee Karisa

Jumatatu, 8 Juni 1987

Nina hasira! Mwaka wa tatu huu Mwalimu Dena anapeleka wanafunzi Kilifi kwenye tamasha la muziki, mimi nabaki shuleni kusimamia usafi wa vyoo. Mimi, Laban Thuku, mwenye cheti cha muziki! Dena hajui hata nota moja. Anapiga makofi, watoto wanacheza, kikombe kinakuja.

Leo mwalimu mkuu, Bi Easter, katangaza kwamba Ijumaa atatusikiliza sote wawili. Atakayemfurahisha ndiye atakayeongoza safari. Vizuri. Kashmira, binti wa Dhirajlal muuza redio, karudi kutoka London na kaseti ya hip-hop. Nimeiazima. Vijana wa Amerika wanafokafoka juu ya ngoma, hawaimbi hata kidogo. Na darasa langu halijui kuimba. Kumbe Mungu yupo!

Jumanne, 9 Juni

Darasa la saba. Nikawaambia hip-hop ni kusema kinachokuchoma moyoni, kwa vina, bila kuogopa mtu. Kadii, ambaye tangu Januari sijamsikia sauti, akasimama akaufokea uji wa shule na wadudu wake. Darasa likalipuka! Kisha akaniuliza kama hii si ile ile ya bibi zao, wanaporushiana maneno ngomani. Nikamwambia akae chini. Imevumbuliwa New York.

Saa nne redio ikatafuna kaseti. Utepe wote nje kama tambi. Kashmira bado sijamwambia. Redio mbovu! Nchi mbovu!

Jumatano, 10 Juni

Bila kaseti, lazima ngoma. Na ngoma zote za hapa ni za Mzee Karisa, babu yake Kadii. Nikaenda, nikamwamkia vizuri. Akasema ngoma hazitoki bure, nilete kadzama. Ndiyo desturi yao: kibuyu cha tembo la mnazi hutangulizwa kwa wazee, wakishakunywa ruhusa imetoka. Kwa kuwa alikuwa anaondoka kwenda matangani Kaloleni, akanipa ngoma kwa imani. Kibuyu nimfikishie mkewe, Mama Nyevu, kesho, kabla ngoma hazijapigwa.

Cheti changu hakikutaja vibuyu popote. Lakini sawa.

Alhamisi, 11 Juni

Jua la kuua. Kutoka kwa mgema hadi kwa Mama Nyevu ni mwendo wa saa nzima, na hakuna aliyejitolea kunisaidia. Nikapumzika chini ya mkorosho. Nikaonja, maana mzee hapelekewi tembo lililochacha. Halikuwa limechacha. Nikahakikisha tena.

Kilipofika nusu nikakasirika. Kumpelekea mzee kibuyu nusu ni matusi! Kwa heshima yake, nikakimaliza. Kadii akapita, akaniamkia kwa adabu. Mtoto mzuri.

Ngoma ni mti na ngozi tu. Zitajuaje nani kanywa?

Ijumaa, 12 Juni

Washenzi! Wote!

Bi Easter kaketi, Dena kaketi anatabasamu. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Wapigaji wangu wamekunja mikono. Nikafoka. Mmoja akasema ngoma hazijatolewa ruhusa, hawezi kuzigusa. Nikapiga moja mwenyewe! Darasa zima likarudi nyuma kana kwamba nimeshika nyoka.

Bi Easter akaanza kufunga daftari lake. Hapo Dena, mnafiki yule, akaomba dakika kumi. Mzee Karisa alikuwa amerudi asubuhi, na Dena tayari ana kibuyu. Wakakutana nje ya ua. Mzee akanywa, akaitikia kwa kichwa.

Ngoma zikalia. Na watoto wangu wakafoka! Hip-hop hasa! Machozi yalinilengalenga. Kisha Kadii akajitokeza mbele kusema kinachomchoma moyoni:

Babu kaenda matanga, ngoma kaacha amana,
Mwalimu kwa mkorosho, kibuyu amekibana,
Kaonja, kaonja tena, jua la saa sita mchana,
Ruhusa yetu i tumboni, ndiyo twaambizana!

Bi Easter alicheka hadi akavua miwani. Hip-hop inakwenda Kilifi. Pamoja na Dena, bila mimi! Vina vilikuwa safi, na nani alimfundisha? Mimi!

Jumamosi, 13 Juni

Bi Easter kaniita. Amesema nikipatana na Mzee Karisa leo kabla ya saa nane, nami nitakwenda Kilifi, msaidizi wa Dena, mbeba ngoma. Mbeba ngoma! Nimemeza hasira, nimekubali. Nikifika huko majaji watajua hip-hop ni ya nani.

Faini ya mzee ni vibuyu viwili. Ninavyo hapa, chini ya mkorosho. Ni saa tano, jua ni lile lile. Sitarudia kosa la juzi, sitamaliza kitu. Nimeonja cha kwanza kidogo tu, kwa usalama wa mzee. Ni kizuri. Lakini hicho cha pili nitajuaje kama kinalingana nacho?