Kuhusu Kuondolewa Kwangu Ukalimani wa Kikao cha Asubuhi

Kwako Meneja wa Rasilimali Watu, ambaye pia ni mtoto wa dada yangu,

Salamu za kazini kwanza, za nyumbani nitaziweka mwishoni zisichanganyike. Nimeipokea barua yako inayoniondoa kwenye ukalimani na kunirudisha bohari kupanga maboksi. Umeniita "Ndugu Mfanyakazi", mimi niliyekuvusha mto mgongoni siku yako ya kwanza ya shule, maji shingoni, mamba wawili wakituangalia na kutupisha. Hilo nimelimeza. Haya yafuatayo yamenikwama.

1. Kiwanda chetu kina watu wa mataifa tisa, na miaka kumi na moja hawajagombana. Unadhani ni ile semina yenu ya kuheshimiana tamaduni, ya kukaa duara na kurushiana mpira? Ni mimi. Lugha ya wakubwa wetu wa kigeni niliijua kwa siku nne, na siku moja kati ya hizo nilikuwa naumwa. Meneja wa uzalishaji, huyu tunayemwita Bwana Saa, akifoka, "Wavivu wa mashine ya pili nitawafukuza wote," mimi nawageukia wenzangu: "Meneja anawasalimu, anauliza kama familia hazijambo." Mashine ikikwama na fundi mitambo akasema, "Mwambie aje aishike mwenyewe na hiyo mikono yake laini kama ya bibi harusi," mimi namfikishia Bwana Saa: "Fundi anasema anajifunza mengi kwako." Wote wanatikisa vichwa, kazi inaanza.

2. Sasa umemleta yule binti mwenye cheti. Ana adabu, sikatai, ila anatafsiri kila kitu. Jumatatu, saa mbili na robo, watu wakasikia kwa mara ya kwanza meneja wao anachosema. Wanne walikwenda kubadili nguo warudi makwao. Bwana Saa naye, alipopata habari za mikono yake, aliitazama juu na chini, akaingia ofisini, akafunga mlango. Alitoka saa sita.

3. Fundi ameniuliza mbele ya watu, "Mjomba, miaka yote hii ulikuwa unamwambia nini?" Nikamjibu nilikuwa namwambia hayohayo, ila kwa heshima. Hakucheka. Tangu hapo kantini nimeachiwa meza nzima ya watu sita. Nakula nikitazama ukuta, na wewe unajua mimi si mtu wa kula kimya.

4. Kwa hiyo naomba nirudishiwe kikao changu. Binti abaki na tarehe na hali ya hewa. Mkubwa yeyote atakayeonyesha dalili za kuanza kutuelewa ahamishiwe nchi nyingine kabla hajafika kwenye matusi. Mfanyakazi atakayeanza kuwaelewa wakubwa apewe likizo mpaka asahau. Na ikiwezekana, makao makuu wahamie lugha nyingine kabisa, ambayo hapa hakuna aijuaye isipokuwa mimi. Nipewe siku tatu tu za kuijifunza.

Usiseme mjomba analilia cheo. Mjomba analilia amani ya kampuni, na kampuni ndiyo inayokulisha wewe pia.

Msalimie mama yako, mwambie goti limepona. Msalimie mumeo, watoto, na yule mlinzi wa ghorofa yenu aliyenizuia mlangoni juzi nikimwambia mimi ni nani.

Ni mimi, wako kwa kazi na kwa damu,

Mjomba,
Mkalimani Mkuu (kwa sasa bohari)

Nyongeza: Barua yako inasema Alhamisi nitasikilizwa na Bwana Saa kabla uamuzi haujawa wa mwisho. Naomba yule binti awepo, akae upande wangu. Mambo yangu mwenyewe siwezi kuyasema kwa lugha yao nikiwa na uchungu. Amfikishie kila neno kama litakavyotoka mdomoni mwangu, asipunguze, asilainishe, asimsalimie kwa niaba yangu. Nataka anielewe.