Vichwa Ishirini na Vinne vya Bibi Mkunga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo ofisi yangu ya kuchapa imepata mgeni wa kweli. Bibi Mkunga! Mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa huu. Nikamwamkia, nikamfutia kiti. Akatoa flashi kwenye leso kama anatoa kito. Ndani mna kitabu chake, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Sura ishirini na nne, kila sura mwanamke mmoja aliyepita mikononi mwake, kwa jina la utani, lake au la mtoto wake.

Akasema maneno yote yako sawa. Anachotaka ni kimoja: juu ya kila ukurasa liandikwe jina la sura yake, na chini namba. Jumamosi wanawake wote ishirini na wanne watakusanyika ukumbini. Kila mmoja akifunua kitabu ajione papo hapo, asihangaike. Macho ya bibi yanafifia, anataka awahi kuwaona wakijisoma.

Akaniuliza kama nimewahi kuifanya kazi hiyo. Nikamwambia mara nyingi mno. (Sijawahi.)

Mke wangu anasema nimwombe dada yake, mwenye ofisi mlango wa tatu kwenye korido yetu. Shemeji! Yule anayeona pambizo iliyopinda kutoka upande wa pili wa barabara! Afadhali nimeze printa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata njia. Rahisi hata naona aibu kwa wengine. Naweka mshale juu kabisa ya ukurasa, nachapa jina la sura, nashuka chini, nachapa namba, naenda ukurasa unaofuata. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimemaliza kurasa tisini. Hadi saa kumi, zote! Nikarudi nyuma hatua tatu nikazitazama kwa heshima. Zimepangana kama askari wa gwaride.

Saa kumi na robo Bibi Mkunga akapiga simu. Kuna sentensi moja aliisahau ukurasa wa tano, ya kumshukuru dereva wa gari la wagonjwa. Sentensi moja tu, mwanangu. Nikaiweka.

Mungu wangu.

Kila kitu kimeteleza. Ukurasa wa tisa sasa unasema: "Mama akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu zake zote, na 8 MAMA WA MVUA akatoka akilia."

Dereva mmoja kashukuriwa, kurasa mia tatu zimehama! Sikujua kwamba waraka mrefu ni kitu hai. Unaugusa kidole cha mguu, unatikisa kichwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asubuhi nzima nikafuta nilichochapa jana. Kisha, kwa bahati tu, nikabofya mara mbili juu ya ukurasa, na pakafunguka mahali! Maandishi yote yakafifia, ukabaki ukanda mtupu juu, kama dari ya nyumba ambayo sikujua ina dari. Nikachapa humo "Mama wa Mvua". Nikashuka. Ukurasa wa pili, Mama wa Mvua. Wa mia, Mama wa Mvua. Wa mia tatu na kumi na mbili! Nimechapa mara moja, zimetii zote. Nikamwita mke wangu kwa simu nimsimulie. Akaniuliza kama nimekula.

Nikaenda sura ya pili, nikabadili jina liwe "Aliyekuja Miguu Kwanza". Likakubali. Nikarudi sura ya kwanza kujipongeza.

Aliyekuja Miguu Kwanza. Kitabu kizima. Wanawake ishirini na wanne, wote watoto wao wamekuja miguu kwanza!

Nikabuni dawa: visanduku vyeupe. Nafunika jina lisilotakiwa, naandika juu yake linalotakiwa. Kwenye kioo, safi kabisa, jicho la tai lisingeona. Nikachapisha kurasa kumi za majaribio. Visanduku vimetembea vyenyewe. Kimoja kimeshuka katikati ya ukurasa, kikasoma hivi: "Nikatoka nje nikamwambia mumewe, mama na mtoto wako" – halafu weupe. Wako nini? Nikatokwa jasho mimi, sembuse huyo mume. Neno "salama" lilikuwa chini ya kisanduku changu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ujasusi. Nimekwenda kwa shemeji kuazima stepla, ili nichungulie anavyofanya. Alinipa kabla sijavuka kizingiti. Nikarudi kuomba pini. Nikarudi kurudisha pini. Safari ya nne akaniuliza, bila kugeuka, huo waraka una kurasa ngapi. Nikamuuliza waraka gani. Akasema karatasi nilizotupa koridoni amezisoma. Nikamuaga kwa adabu, yaani nilikimbia.

Mchana Bibi Mkunga akaja kukagua. Nilitaka kumwambia printa imeharibika, lakini alishakaa. Akasogeza kurasa zote nilizochapisha asubuhi karibu na pua, akafunua hadi sura ya kumi na tisa, ya yule anayemwita Mama Kimya. Akatazama juu ya ukurasa, palipoandikwa Aliyekuja Miguu Kwanza. Akatazama muda mrefu.

"Huyu si yeye, mwanangu."

Nikasema ni kosa dogo la kitaalamu, bibi.

"Mtoto wa huyu hakukaa. Nilimshika saa moja tu. Mama yake amekubali kuja Jumamosi baada ya kumbembeleza mwaka mzima. Akikuta juu ya hadithi yake jina la mtoto wa mwenzake, mzima, anayekimbia mtaani, atafunga kitabu na hatakifungua tena."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Alipoondoka nilichomoa flashi, nikapita mlango wa kwanza, wa pili, nikabisha wa tatu. Shemeji akasema, "Karibu. Leo umekuja kuazima nini?" Nikasema nimekuja kuazima yeye.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niandikeje niliyoyaona leo?

Kwanza alibonyeza kitufe kimoja, na mifupa ya kitabu ikaonekana. Nukta kila penye nafasi, alama kila mwisho wa aya. Siku nne nilikuwa naishi na haya yote na siyaoni! Akapita akiondoa takataka zangu, bila neno la lawama, jambo lililoniuma zaidi. Kisha mwisho wa kila sura akaweka mpaka. Akaniambia kitabu chote kilikuwa chumba kimoja, ndiyo maana jina moja liliingia kote. Sasa ni vyumba ishirini na vinne. Lakini kila chumba bado kinamsikiliza jirani yake, mpaka ukate ule uzi wa "sawa na sehemu iliyotangulia". Akaukata. Akachapa jina. Likakaa, halikuvuka! Namba za chini akaziacha zifuatane, zikapita mipaka yote kama hazikuiona.

Nilihesabu kila mkato. Kinywa wazi, chai imepoa.

Sura ya kumi na tisa vidole vyake vilisimama. Nilidhani amekwama, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Hakukwama. Alikuwa anasoma. Nikasogeza kiti, nikasoma naye. Mwisho akachapa juu, taratibu, herufi moja moja: Mama Kimya.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Vitabu ishirini na vinne, vimejalidiwa jana jioni, bado vinanukia gundi. Wakafunua, na sauti zikaanza kuruka: huyu hapa mimi! Bibi Mkunga alikuwa akipita kati yao akiwaangalia nyuso, si vitabu.

Mama Kimya alikaa karibu na dirisha. Akapata sura yake mara moja. Akaweka kidole juu ya lile jina, akakiacha pale, akasoma hadi mwisho. Kisha akageuza nyuma, akaanza upya. Maneno mawili tu juu ya karatasi!

Bibi akamshukuru fundi wa vichwa vya kurasa, akamtaka asimame aonekane. Nikasimama. Shemeji naye alikuwa amesimama. Nilikaa, lakini si haraka sana.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sifa zimesambaa. Leo kaja mpima ardhi na ripoti ya kurasa mia tano na arobaini, ina ramani zinazolala ubavu. Shemeji kanitumia ujumbe: usiguse kitu kabla ya kuweka mipaka. Nimemjibu kwamba kwa sasa mimi ni fundi, asinifundishe. Nimetafakari kwa kina, nimeona kosa letu lote lilikuwa kuitegemea kompyuta. Nimechapisha ripoti nzima bila namba, nimenunua rula na kalamu nyeusi yenye ncha nyembamba, niziandike kwa mkono.

Mwandiko wangu ni mzuri. Nimefika ukurasa wa kumi na sita. Mpima ardhi amepiga simu: kuna sentensi moja ameisahau ukurasa wa pili.