Hesabu ya Maji ya Segese

Kiangazi cha mwaka 1977 ilitangazwa rasmi kwamba kiu imefutwa Segese kwa njia ya hesabu.

Mtangazaji alikuwa Ndugu Nassibu, Mkuu wa Kitengo cha Uratibu wa Maji ya Ardhini, ndani ya kaundasuti iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe. Alipanda juu ya meza pale sokoni, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Visima vinakauka kwa sababu mnachota kwa hisia. Sasa tutachota kwa milinganyo! Mashine ya kukokotoa iliyoko Dar es Salaam imelishwa kina na matumizi ya kila kisima, na umbali wa kila mlango. Itachagua visima vya kuchota na vya kupumzisha, ili maji yasishuke wala miguu isichoke."

Mbuke, mama wa watoto sita aliyetembea nusu siku kutafuta ndoo moja ya maji, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Ndugu Mkuu. Hiyo mashine inakunywa maji?"

"Marahaba. Haina kiu, ndiyo maana haina upendeleo. Itakachosema ni amri. Atakayepinga nitamshughulikia mwenyewe!"

Makofi yakalia. Nassibu akajiona amerefuka.

Majibu yalipokuja kwa simu ya upepo, aliwaita watu tena sokoni, akamwamuru karani wake, Jilala, ayasome papo hapo, wananchi waone sayansi ikizaliwa.

"Visima vyote vipumzishwe," Jilala akasoma, "isipokuwa kimoja. Kina maji tele, kipo katikati ya makazi, na kwa sasa kinahudumia mtu mmoja na mawaridi yake."

Soko zima likageuka kuutazama ukuta wa ua wa Nassibu, ule wenye vipande vya chupa juu.

"Hii ni hitilafu ya kitaalamu," akasema, jasho likimchuruzika. "Tuunde kamati..."

"Samahani, Ndugu Mkuu," Mbuke akauliza kwa adabu. "Kwani unapinga?"

Nassibu akatafakari. Kujishughulikia kulihitaji kibali, na mtoa kibali alikuwa yeye.

Kesho yake lango likafunguliwa. Zikaingia ndoo, punda na nyimbo za Kisukuma. Mawaridi hayakufika saa nne bila kukanyagwa.

Nassibu akatoka na jagi, anataka maji ya kunyolea ndevu.

"Mwangaluka, Ndugu Mkuu!" Mbuke akamsalimu, ndoo yake imejaa pomoni. "Mwisho wa foleni ni kule nje."

Akaenda, jagi mkononi, akimweleza kila aliyempita kwamba zoezi linakwenda kama lilivyopangwa.