Vitasa Visivyovunjika Vinabomoa Nyumba Zetu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Wasubu Alumini,
Mit Ghamr, Misri.

YAH: OMBI LA KUILAZIMISHA MASHINE YA HAGG MITWALLI IKOSEE

Mheshimiwa,

Amani iwe kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi ni fundi, Usta Shehata Abu Sinna. Nasubu vitasa vya milango, yaani namimina alumini ya moto katika kalibu za mchanga, mwaka wa thelathini na moja huu, na havijapata kufanana hata viwili. Sasa jirani yangu Hagg Mitwalli ameleta mashine inayosukuma alumini iliyoyeyuka kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Madhara yake ni haya:

1. Ina haraka isiyo na adabu. Inatema kitasa kabla sijamaliza kukoroga sukari. Juzi nilisimama dirishani kwake nikahesabu themanini, chai ikapoa mkononi.

2. Vyote vinalingana, hadi tundu la skrubu. Mteja anakwenda kukifunga mlangoni mwenyewe! Zamani ilibidi niitwe na tupa yangu, nami hufika adhuhuri, na adhuhuri mteja hunipakulia mchuzi wa mulukhiya na bata. Nimepungua kilo kumi na moja.

3. Vinatoka laini tayari. Mashemeji zangu watatu, wapiga tupa hodari, sasa wamejilaza sebuleni kwangu na kuuliza bata yuko wapi.

4. Kalibu ya chuma haifi. Yangu naivunja kila kitasa kimoja, nafinyanga nyingine, siku inakwisha kwa heshima. Yake imeshazaa vitasa elfu hamsini na bado inang'aa kama bibi harusi.

5. Hili ndilo zito. Vitasa vyenyewe ni vyembamba, vyepesi, na havivunjiki. Zamani mume akipandwa na hasira akavuta mlango, kitasa changu kilimbakia mkononi. Mke akacheka, "Haya, si ulikuwa unaondoka, Bwana Mkali? Nenda basi!" Mume naye akacheka, yakaisha. Siku hizi mlango unafunguka vizuri, na mwanamume anafika kwa mama yake. Mtaani kwetu wameshaondoka wanne!

Kwa hiyo naomba mashine iamriwe kuharibu vitasa vinne katika kila kumi, tena kwa moyo mkunjufu.

Mke wangu Ihsan amesoma akasema, "We Shehata, acha kuzungukazunguka. Sema unaogopa karakana itafungwa." Naogopa, Mheshimiwa. Kazi nyingine sijui.

Nisalimie karani wako, mama watoto, na yule mlinzi anayekoroma getini.

Wako katika mchanga na moshi,
Usta Shehata Abu Sinna

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Hagg Mitwalli amebisha hodi. Anataka niwe mkaguzi wa kiwanda, maana mtu aliyetengeneza kasoro miaka thelathini na moja, hakuna kasoro itakayompita. Naanza Jumamosi. Tafadhali ibandike barua hii ukutani kwenu, ila palipoandikwa "madhara" andika "sifa". Mengine usiguse.